Argwings-Kodhek, wakili aliyetetea watu wasioweza kumpigia kura

Mkaaji wa Lwiro au wa Bukavu anayefika Nairobi kwa ajili ya matibabu anaweza kupelekwa kwenye Hospitali ya Nairobi, katika mtaa wa Hurlingham. Barabara inayopita mbele ya hospitali hiyo inaitwa Argwings Kodhek. Magari yanapita hapo usiku na mchana, lakini wengi wa wanaoitumia hawajui jina hilo ni la nani. Ni jina la wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya, mtu aliyeingia siasa kupitia mlango mdogo kabisa ambao wakoloni waliacha wazi.

C.M.G. Argwings-Kodhek alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, magharibi ya Kenya, katika jamii ya Waluo. Alisoma Chuo cha Makerere nchini Uganda, akafanya kazi ya ualimu, kisha akapata nafasi ya kwenda Uingereza. Hakutumwa huko kusomea sheria. Serikali ya kikoloni ilihitaji Waafrika walimu na makarani, haikuhitaji Waafrika wa kusimama mbele ya majaji wake. Yeye aligeuza njia, akasoma sheria na kupokelewa kuwa wakili katika Lincoln's Inn, mjini London.

Aliporudi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1950, pamoja na mke wake Mavis, mwanamke wa Ireland, alipewa kazi katika ofisi ya mwanasheria mkuu wa serikali. Mshahara wake ulipangwa kuwa mdogo kuliko ule wa Mzungu mwenye kazi hiyo hiyo. Aliikataa kazi hiyo na kufungua ofisi yake mwenyewe.

Wakati huo nchi ilikuwa inawaka moto. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Sheria zilibadilishwa haraka. Mtu aliyekutwa na risasi, au aliyeshitakiwa kuwa amewalisha wengine kiapo, aliweza kuhukumiwa kifo. Hadi vita vilipomalizika, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamenyongwa kwa makosa ya Mau Mau.

Wengi wa washitakiwa walikuwa Wakikuyu, watu wa shamba wasiokuwa na feza. Kesi ya uhai wa mtu iliweza kumalizika kwa muda mfupi sana. Kumtetea mshitakiwa wa namna hiyo kulimwekea wakili alama mbele ya polisi na ya walowezi. Argwings-Kodhek alizichukua kesi hizo. Hakuwa Mkikuyu, na waliokuwa wamekaa kizimbani hawakuwa na cha kumlipa cha kutosha. Hata hivyo alisimama nao, na magazeti ya Wazungu yakamtazama kama wakili wa Mau Mau. Jina hilo lilikusudiwa kuwa tusi, lakini kwa Waafrika wa Nairobi likawa sifa.

Mahakamani ndipo alipoona mpaka wa kazi yake. Wakili aliweza kuokoa mtu mmoja leo, lakini sheria yenyewe ilibaki pale pale, ikingoja mtu wa kesho. Waliotunga sheria hiyo walikuwa katika Baraza la Kutunga Sheria, na humo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyechaguliwa kwa kura. Hivyo akageukia siasa.

Mlango ulikuwa mwembamba. Chama kikubwa cha Waafrika, KAU, kilipigwa marufuku mwaka 1953. Mwaka 1955 serikali iliruhusu vyama tena, lakini kila chama kibaki ndani ya wilaya yake. Argwings-Kodhek aliomba kuandikisha chama cha nchi nzima, akakataliwa. Akapunguza jina na mipaka, na mwaka 1956 kikaandikishwa kama Nairobi District African Congress. Kwa sheria, chama hicho kilikuwa cha mji mmoja tu. Lakini Nairobi ilikuwa mji wa wafanyakazi kutoka pande zote za Kenya, na sauti iliyotoka humo ilisikika mbali.

Ujanja huo wa wakoloni haukuwa wa Waingereza peke yao. Katika Kongo ya Wabelgiji pia siasa ilianzia chini: uchaguzi wa komini ulifanyika Desemba 1957 katika miji mitatu, Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, na Bukavu ikafuata mwaka 1958. Tofauti ilikuwa kwenye masomo. Lwiro ilikuwa tayari na majengo makubwa ya IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947, lakini nchi nzima iliufikia uhuru wa 30 Juni 1960 bila wakili Mkongo. Mtu wa Kabare au Kalehe aliyefikishwa mbele ya hakimu wa Kibelgiji hakuwa na mtu wa aina ya Argwings-Kodhek wa kumwendea.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa 8. Haki ya kupiga kura ilitegemea masomo, mali au kazi, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kulikuwa na sharti moja zaidi: cheti cha kuonyesha kwamba wamekuwa watiifu kwa serikali. Nairobi yenyewe ilikuwa imefagiliwa Aprili 1954, na makumi ya maelfu ya Wakikuyu kupelekwa kambini.

Kwa hiyo watu ambao Argwings-Kodhek aliwatetea, pamoja na ndugu zao, kwa sehemu kubwa hawakuweza kumchagua. Walikuwa kambini, gerezani, au bila cheti. Katika kiti cha Nairobi alipambana na Tom Mboya, kijana wa vyama vya wafanyakazi, Mluo kama yeye. Mboya alishinda kwa tofauti ndogo.

Kushindwa huko hakukumtoa katika siasa. Alijiunga na KANU, na mwaka 1963 akawa mbunge wa Gem, kwao alikozaliwa. Katika serikali ya Jomo Kenyatta alipanda hadi kuwa waziri. Mwaka 1966 Oginga Odinga alipotoka KANU na kuunda KPU, Waluo wengi walimfuata. Argwings-Kodhek alibaki serikalini, na uamuzi huo ulimtenga na wengi wa watu wake.

Alikuwa waziri wa mambo ya nje alipofariki tarehe 29 Januari 1969 kwa ajali ya gari, usiku, kwenye barabara ya Hurlingham, ile ambayo leo ina jina lake. Minong'ono kuhusu kifo hicho haijaisha Kenya, na ilizidi Mboya alipouawa kwa risasi Julai mwaka huo huo. Uchaguzi mdogo wa kujaza kiti cha Gem ulishindwa na mgombea wa KPU: wapiga kura wake waliuchagua upinzani ambao yeye alikataa kujiunga nao.

Leo Bukavu ina mawakili wengi, na baadhi yao huomba kura. Maisha ya Argwings-Kodhek yanampa mpiga kura wa Lwiro swali moja la kumuuliza mgombea wa namna hiyo: kabla ya kutafuta kura, alisimama mahakamani kwa ajili ya nani ambaye hakuwa na cha kumrudishia?