Ozanam na Kabati Lililowekwa Rehani

Sikukuu ya Noeli haimaliziki jua linapokuchwa tarehe 25 Desemba. Kanisa huiadhimisha kwa siku nyingi, kupita Mwaka Mpya, hata Epifania na Ubatizo wa Bwana. Lakini katika nyumba nyingi furaha yake huisha pamoja na pilau, na hapo ndipo shida za jirani, zilizonyamaza kidogo kwa heshima ya sikukuu, hurudi kubisha hodi. Ndiyo sababu juma hili twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Mfaransa mmoja, Frédéric Ozanam, aliyejua maana ya kumfaa rafiki katika siku kama hizi.

Ozanam alizaliwa tarehe 23 Aprili 1813 mjini Milan, nchini Italia, wazazi wake wakiwa Wafaransa, akakulia mjini Lyon. Baba yake alikuwa daktari aliyewatibu maskini wengi bila malipo, na mama yake alizoea kuwatembelea wenye shida majumbani mwao. Walijaliwa watoto 14, lakini walio wengi walikufa wangali wadogo. Msiba basi haukuwa mgeni katika nyumba ile. Mwaka 1837 baba mwenyewe alifariki baada ya kuanguka ngazini alipokwenda kumtazama mgonjwa maskini. Mtoto aliyelelewa hivyo hakuhitaji mahubiri marefu ili ajue kuwa nyumba ya maskini nayo ina mlango wa kubishwa hodi.

Mwaka 1831 alikwenda Paris kusomea sheria. Chuo Kikuu cha siku zile kilikuwa na wengi walioidharau dini, na Ozanam pamoja na wenzake walifanya mikutano ya majadiliano ili kuitetea. Kijana mmoja mpinzani akawauliza swali lililowachoma: imani hiyo wanayoisifia yaliyopita, wao wenyewe waifanyia nini leo? Hawakutafuta hoja ya kumjibu. Tarehe 23 Aprili 1833, siku Ozanam alipotimiza miaka 20, wanafunzi sita walikutana na Bwana Emmanuel Bailly, aliyekuwa mzee wao, katika ofisi ya gazeti lake. Sisi tulio watu wa magazeti twafurahi kukumbuka kwamba kazi kubwa kama ile ilianzia katika chumba cha namna hiyo. Hapo kikazaliwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo.

Vijana hawa walikuwa na nia njema, lakini hawakuwajua maskini wa Paris. Mwalimu wao akawa Sista Rosalie Rendu, wa Mabinti wa Upendo, aliyetumikia mtaa wa Mouffetard, mmoja wa mitaa ya dhiki kabisa mjini mle. Yeye aliwapa majina ya jamaa za kutembelea na hati za mkate za kuwapelekea. Aliwafundisha pia namna ya kuingia nyumbani mwa mtu bila kumvunjia heshima: kuketi, kusikiliza, kutokuwa na haraka. Angalieni tofauti. Mwenye kutupa sarafu barabarani haulizi jina la anayeiokota. Lakini mwenye kurudi juma kwa juma katika nyumba ile ile hujua jina la kila mtoto, hujua ni nani anayekohoa usiku, na hujua ni chombo gani hakipo tena mahali pake. Huyo si mfadhili tu, amekwisha kuwa rafiki.

Ozanam alipanda cheo. Alipata udaktari wa sheria mwaka 1836, na wa fasihi mwaka 1839; tasnifu yake ilimhusu Dante. Mwaka 1841 alimwoa Amélie Soulacroix, na mwaka 1845 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, binti waliyemwita Marie. Naye alikuwa amekwisha kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Sorbonne. Watu wengi wafikapo huko husahau njia ya vichochoroni. Yeye hakuisahau.

Twafika sasa kwenye habari tunayoipenda kuliko zote. Katika Ufaransa ya nyakati zile zawadi zilitolewa hasa siku ya Mwaka Mpya. Asubuhi ya siku hiyo, mwaka mmoja Marie angali mdogo, Ozanam alimweleza mkewe habari za jamaa moja aliyoijua. Walikuwa wamepata kuishi vizuri zamani, lakini umaskini uliwabana hata wakaliweka rehani kabati lao, kumbukumbu ya mwisho ya siku zao njema. Alitamani kulikomboa awarudishie liwe zawadi yao ya Mwaka Mpya. Mkewe, mwanamke mwema na mwenye busara, alimwonyesha sababu za kutofanya hivyo. Zilikuwa sababu nzuri, naye akazikubali.

Mchana kutwa alikwenda huku na huko kutoa salamu za heshima kama ilivyopasa mtu wa cheo chake. Jioni akarudi nyumbani mwenye huzuni. Akatazama vitu vya kuchezea vilivyorundikwa mbele ya binti yake, wala hakutaka hata kuonja vitamu alivyoandaliwa. Ilikuwa dhahiri kwamba jambo la asubuhi lilikuwa likimsumbua moyoni. Mkewe alipoona hivyo, yeye mwenyewe alimsihi afuate wazo lake la kwanza. Ozanam hakungoja kesho. Alitoka, akalikomboa kabati lile, akahakikisha limefika kwa wenyewe, kisha akarudi kwa mkewe na mtoto wake akiwa na furaha tele.

Kabati si mkate. Hakuna aliyekufa kwa kukosa kabati, na pengine hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu nzuri za asubuhi. Lakini rafiki hapimi shida ya mwenziwe kwa kipimo cha tumbo peke yake. Ozanam aliwahi kuketi katika chumba kile. Ndiyo maana alijua kuwa pamoja na mbao zile watu wale walikuwa wameweka rehani heshima yao.

Ozanam hakuishi sana. Maradhi yalimmaliza, akafariki mjini Marseille tarehe 8 Septemba 1853, mwenye umri wa miaka 40. Kabla ya hapo chama kilikuwa kimekwisha kufika Italia, Uingereza na Marekani, na leo kinafanya kazi hata katika parokia za Afrika Mashariki. Tarehe 22 Agosti 1997 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri katika kanisa la Notre-Dame, Paris.

Ndugu wasomaji, nasi tunazo sababu nzuri. Januari ina mahitaji ya shule, nauli ya kurudi safarini, na madeni ya sikukuu yenyewe. Hatuwaambii kwamba sababu hizo ni za uongo. Twasema tu kwamba zilikuwapo pia nyumbani kwa Ozanam, na hazikumpa amani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki haingoji mwisho wa mwezi. Kama asubuhi ya leo mlimkumbuka mtu fulani kisha mkajishauri kumwacha, jua halijachwa bado. Nendeni.