Wangila: Bondia wa dhahabu aliyezimikia Las Vegas
Makanga wa Kibera huita Olympic kutwa nzima, lakini uliza abiria bingwa wa Olimpiki Robert Wangila alikuwa nani, wengi watakukodolea macho tu. Seoul 1988, akiwa na miaka 21, alimlaza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili akabeba dhahabu ya uzani wa welta. Dhahabu zingine zote za Kenya, hadi leo, ni za riadha.

Akaenda Marekani kusaka doo za ndondi za kulipwa. Ikawa panda shuka; mkanda wa dunia hakuupata. Julai 22, 1994, Las Vegas, refa alisimamisha pigano lake na David Gonzales raundi ya tisa. Wangila akalalamika, alitaka kuendelea. Refa aliona mbali, ila alikuwa amechelewa: muda mfupi baadaye bondia akazirai. Siku mbili tu, akafariki. Miaka 26.