Gavana aliyenunua mlima kwa pesa zake

PERCIVAL Baxter alizaliwa mwaka wa 1876 jijini Portland, jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, katika familia tajiri. Mnamo 1920 aliukwea Mlima Katahdin, wenye kimo cha mita 1,606, akarudi amenuia kuufanya hifadhi ya umma.

Aliingia ugavana Januari 1921, mtangulizi wake alipofariki. Hata hivyo, wabunge wa jimbo walikataa katakata kutoa fedha. Kampuni za mbao na karatasi, zilizomiliki misitu hiyo, zilikuwa na usemi mkubwa. Alikuwa pia mtu wa vituko vyake: mbwa wake alipokufa mwaka wa 1923, aliamuru bendera ipeperushwe nusu mlingoti. Alipoondoka ofisini 1925, hakuwa amepata hata ekari moja ya Katahdin.

Mwaka wa 1930 alitoa dola 25,000 kutoka mfukoni mwake, akanunua karibu ekari 6,000, ikiwamo sehemu kubwa ya mlima huo, na kulikabidhi jimbo. Aliendelea kununua kipande baada ya kipande hadi 1962, hifadhi ikapita ekari 200,000. Sharti lake kuu lilikuwa kwamba ibaki pori milele. Ndiyo maana hadi leo kambi zake hazina umeme, na mgeni hulala karibu na dubu na misonobari.

Baxter, ambaye hakuoa, alifariki Juni 1969 akiwa na umri wa miaka 92. Majivu yake yalitawanywa humo hifadhini.