Chemirocha: Mwimbaji wa Reli Aliyefika Kericho Bila Kuja

Ukifika Kapkatet, katika nchi ya chai baina ya mji wa Kericho na Bomet, ukamwuliza mzee wa Kikipsigis habari za Chemirocha, huenda akacheka kwanza kabla ya kukujibu. Jina hilo si la mtu wa huko. Ni la Mmarekani mmoja, mfanyakazi wa reli, ambaye hakupata kuikanyaga ardhi ya Afrika hata siku moja. Jina lake hasa lilikuwa Jimmie Rodgers. Kwa ndimi za Wakipsigis likawa Chemirocha, na mwenye jina akageuka kiumbe cha ajabu, nusu mtu na nusu paa.

Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini miaka yangu mingi ya ukarani niliitumia Kericho, ambako mvua hunyesha alasiri kama iliyopewa zamu. Huko ndiko nilikoisikia habari ya bwana huyu kwa mara ya kwanza. Leo napenda kuwasimulia wasomaji maisha yake, kwa sababu ndani yake limo jambo linalowahusu vijana wetu wanaotunga nyimbo na kupiga picha za senema: jambo la mikataba.

Jimmie Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, akakulia katika mji wa Meridian, jimbo la Mississippi. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo. Baba yake alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli, na kijana naye akaingia kazi hiyo hiyo tangu utotoni. Husimuliwa kuwa alikuwa akiwapelekea maji vibarua weusi waliokuwa wakitengeneza njia ya gari, na kwao ndiko alikozipata nyimbo za huzuni za watu wa kusini. Baadaye akawa mfunga breki wa garimoshi, kazi ya hatari na ya baridi.

Mwaka 1924 waganga walimwambia kuwa ana kifua kikuu. Zama hizo ugonjwa huo haukuwa na dawa. Kazi ya reli ikamshinda, akabaki na gitaa, mke wake Carrie na binti yao Anita. Akawa mtu wa kuhama mji hadi mji, akiimba penye watu, na siku nyingine akilala bila ya kitu mfukoni.

Mwezi wa Agosti 1927 alisikia kuwa katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, amefika bwana mmoja wa kampuni ya santuri ya Victor, anatafuta waimbaji wa mashamba. Bwana huyo aliitwa Ralph Peer. Rodgers alikwenda na wenzake, lakini wakagombana kabla ya kuimba, wenzake wakaenda zao. Aliingia peke yake na gitaa lake, akaimba nyimbo mbili, akalipwa dola 50 kwa kila upande wa santuri. Dola 100 kwa mtu aliyekuwa hana kitu zilikuwa fedha nyingi.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie kidogo. Ralph Peer hakuwa mtu wa kudanganya, wala hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyejua kusoma karatasi kuliko wengine. Alipoingia Victor, hakutaka mshahara. Alichokitaka ni haki za nyimbo zenyewe, yaani maneno na sauti iliyotungwa. Kampuni ilikubali upesi, kwani wakati huo watu wengi walidhani kuwa mali ni ile sahani nyeusi inayozunguka. Peer alijua kuwa sahani huvunjika, lakini haki ya utunzi hubaki, na kila sahani inapouzwa mwenye haki hupata senti zake. Mwaka 1928 alianzisha kampuni yake ya kuzihifadhi haki hizo, na kampuni hiyo ingali hai hadi leo.

Tena bwana Peer akawa meneja wa Rodgers. Basi mtu mmoja alivaa kofia tatu: msaka vipaji wa kampuni inayonunua, msimamizi wa mwimbaji anayeuza, na mmiliki wa haki iliyouzwa. Kwa insafu niseme kwamba Rodgers alinufaika naye. Wimbo alioutia sauti mjini Camden, New Jersey, mwishoni mwa Novemba 1927, uliuzika mno, akawa nyota. Alipata motokaa, mavazi mazuri, na mwaka 1929 akajenga jumba kubwa huko Kerrville, Texas. Lakini ulizo hubaki pale pale: Je, siku maslahi ya hao watatu yanapogongana, mwenye kofia tatu atamtetea nani?

Mpango huo ulizaa jambo jingine. Kwa kuwa faida ya Peer ilikuwa katika haki za nyimbo mpya, nyimbo za kale zisizo na mwenyewe hazikumfaa sana. Ikambidi Rodgers apate nyimbo mpya kila mara, na yeye ni mgonjwa, tena hakuwa hodari wa kusoma noti za muziki. Msaada aliupata kwa shemeji yake, Elsie McWilliams, dada ya Carrie. Mama huyu alitunga au alisaidia kutunga nyimbo nyingi, na baadhi yake zilitoka bila ya jina lake.

Mwaka 1929 Rodgers alitiwa pia katika senema fupi ya kampuni ya Columbia, ya dakika kama 10 hivi. Anaonekana amevaa nguo za kazi ya reli, katika mkahawa wa stesheni, akiimba nyimbo tatu. Mwaka uliofuata aliimba mjini Los Angeles akifuatwa na tarumbeta ya Louis Armstrong, mwanamuziki mweusi mashuhuri.

Kisha dunia ikageuka. Uchumi wa Marekani ulianguka, watu wakaacha kununua santuri, na mtu aliyetegemea senti chache kwa kila sahani akaona senti zenyewe hazipo. Jumba la Kerrville liliuzwa. Maradhi yakazidi. Mwezi wa Mei 1933 alisafiri kwenda New York kuimba nyimbo za mwisho, ili aache chochote kwa familia yake. Akiimba wimbo mmoja, hulala juu ya kitanda kidogo kilichowekwa karibu, kisha huinuka kuimba mwingine. Alizimaliza. Tarehe 26 Mei 1933 alifariki hotelini, akiwa na umri wa miaka 35. Katika miaka sita alikuwa ametia sauti nyimbo zaidi ya 100.

Sasa turudi kwenye majani ya chai. Santuri za Rodgers zilisafiri kuliko yeye. Wazungu walizileta Kericho pamoja na gramafoni zao, na Wakipsigis wakaisikia sauti ile inayoruka ghafla kutoka chini hadi juu. Mwaka 1950 Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kukusanya ngoma na nyimbo, alifika Kapkatet na mashine yake. Alinasa nyimbo tatu za Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume kwa kinanda cha nyuzi kiitwacho chepkong. Ya tatu iliimbwa na wasichana, akiongoza Chemutoi Ketienya, wakimwalika Chemirocha aje acheze mpaka nguo zimvuke.

Wimbo huo wa wasichana ukawa maarufu ng'ambo. Sauti zao zilihifadhiwa Afrika Kusini, zikauzwa na kusikilizwa Ulaya na Marekani. Nakala ziliporudishwa vijijini kwao, kwa juhudi za maktaba hiyo ya muziki na watu wa Ketebul Music wa Nairobi, ilikuwa imepita miaka zaidi ya 60. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tu. Yaani ulinzi umri wake ni mfupi kuliko safari ile.

Sisi wa pwani tusidhani kuwa hayo ni ya bara peke yake. Mwaka 1928, mwaka mmoja baada ya Bristol, Siti binti Saad wa Unguja alipelekwa Bombay kutia sauti santuri za HMV. Alikuwa bingwa wa sauti, lakini kusoma na kuandika hakufundishwa. Alifariki mwaka 1950, mwaka ule ule wa Kapkatet.

Nayaandika haya kwa sababu si zamani kijana mmoja wa upande wa Litein alinijia na karatasi. Amepiga senema kwa lugha yao, na fedha zilitoka katika bonasi ya majani chai ya mama yake. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilitaka kuisambaza. Akaniambia, Mzee, nisomee hii. Nilisoma mara tatu.

Mkataba ulichukua haki zote, milele, dunia nzima, kwa vyombo vilivyopo na vitakavyobuniwa. Ulisema kampuni itatoa kwanza gharama zake zote, bila ya kutaja kikomo, ndipo kijana apate fungu. Uliiruhusu kampuni kuikata senema ipendavyo na kumwuzia mtu mwingine bila ya kumwuliza. Na hapakuwa na mahali popote panapompa haki ya kuona hesabu. Wanazuoni wetu wametukataza kuuza samaki aliye majini, kwa kuwa hajulikani kiasi chake. Basi kuuza haki ya chombo ambacho hakijabuniwa ni samaki wa bahari gani?

Neno milele watu wa Kericho wanalijua vizuri. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999, na vizazi vya Wakipsigis vikachuma chai juu ya ardhi iliyokuwa ya babu zao. Ilibidi ije Katiba ya mwaka 2010 kuipunguza mikataba ya wageni hadi miaka 99. Mwenye kutia sahihi hana katiba ya kumwokoa kila mara.

Tuliandika masharti manne. Muda uwe miaka saba. Nchi na vyombo vitajwe kwa majina. Gharama ziwe na kikomo. Na hesabu zitolewe kila miezi sita, naye awe na haki ya kuzikagua. Sheria yetu inaruhusu kuikata haki hivyo, kwa muda na kwa nchi, na inataka uhamisho wake uwe wa maandishi na wenye sahihi. Kampuni ilikubali matatu. La hesabu ililikataa katakata.

Mama wa kijana ndiye aliyekata shauri. Alisema kwa Kikipsigis, kijana akanifasiria, kuwa yeye hapeleki majani kwenye kituo kisicho na mizani. Karatasi ikarudishwa bila ya sahihi. Senema sasa inaonyeshwa katika shule na kumbi za Litein na Bomet, kwa kiingilio kidogo, na bonasi ya mama bado haijarudi yote. Lakini daftari la mapato analishika mwenyewe, na kila Jumamosi humsomea mwanawe hesabu.