Guido Adler: Mwasisi wa Elimu ya Muziki Chuoni

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayeainisha nyimbo za jamii yake na kuzilinganisha na za jamii nyingine hupita katika njia iliyofyekwa zamani. Mmoja wa walioifyeka ni Guido Adler.

Adler alizaliwa tarehe 1 Novemba mwaka wa 1855 mjini Eibenschütz, Moravia, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, aliyekuwa daktari, aliaga dunia mwanawe akiwa bado mchanga. Mnamo mwaka wa 1864 mama alihamia Vienna. Huko Adler alisomea muziki na sheria, akapata shahada ya uzamifu katika sheria mwaka wa 1878 na nyingine katika historia ya muziki mwaka wa 1880.

Mwaka wa 1885, alipoteuliwa kuwa profesa mjini Prague, alichapisha makala yaliyoiwekea taaluma hii mipaka. Aliigawa katika matawi mawili: la kihistoria, linalofuatilia mitindo kipindi baada ya kipindi, na la kimfumo, linalochunguza kanuni, ujumi na ufundishaji. Katika tawi la pili alitia ulinganishaji wa nyimbo za mataifa mbalimbali. Nafasi hiyo ilikuwa finyu. Hata hivyo, ndiyo iliyokuja kupanuliwa na watafiti wa ngoma na nyimbo za Afrika.

Mnamo mwaka wa 1898 alirithi kiti cha Eduard Hanslick katika Chuo Kikuu cha Vienna, akaasisi idara ya taaluma ya muziki. Wanafunzi wake hawakuridhika na kusikiliza mihadhara tu. Walisoma miswada ya kale na kuichambua kwa mtindo wake. Miongoni mwao alikuwamo Anton Webern, aliyehitimu uzamifu mwaka wa 1906 kwa utafiti kuhusu Heinrich Isaac. Aidha, kati ya mwaka wa 1894 na 1938 Adler alihariri majuzuu 83 ya muziki wa kale wa Austria.

Wanazi walipoitwaa Austria mwaka wa 1938, mzee huyu alitengwa na kazi aliyoijenga. Alifariki tarehe 15 Februari 1941. Binti yake, Melanie, alijitahidi kuihifadhi maktaba ya babake, lakini ilinyakuliwa, na sehemu yake ikaishia katika idara ile ile aliyoiasisi marehemu. Melanie mwenyewe alihamishwa kwa nguvu na kuuawa mwaka wa 1942.

Taaluma aliyoiasisi ingali hai vyuoni. Hata hivyo, maisha yake yanatukumbusha sisi wanataaluma kwamba usomi pasipo utu hugeuka kuwa mshirika wa dhuluma.