Robert Philip: Daktari aliyeufuata Kifua Kikuu hadi nyumbani

Robert Philip alifuzu udaktari jijini Edinburgh, Scotland, mwaka wa 1882, mwaka ule ule Robert Koch alipotangaza kuwa Kifua Kikuu husababishwa na bakteria. Wakubwa wake walimshauri aachane na maradhi hayo yasiyo na tiba. Hakuwasikiza.

Mnamo 1887 alifungua zahanati ya wagonjwa maskini. Jipya, na pengine kubwa kuliko yote aliyoyafanya, ni kwamba hakungoja wagonjwa mlangoni. Nyumba zao zilitembelewa, madirisha na malazi yakakaguliwa, na waliolala nao chumba kimoja wakaitwa kupimwa kabla hawajadhoofika.

Kufikia 1907, Edinburgh iliwalazimu madaktari kuripoti kila mgonjwa. Philip alifariki 1939, miaka minne kabla ya streptomaisini kugunduliwa.