Mkemia aliyemsaka samaki mmoja kwa miaka 14

Ukishuka asubuhi kwenye soko la samaki la Mji wa Kale, Mombasa, huenda ukamkuta kijana wa rika lako amesimama kando ya mizani, daftari mkononi. Anauliza tafi hawa wamevuliwa wapi, kwa dema au kwa wavu, na zamani walikuwa wakubwa kiasi gani. Usidhani ni askari wa kaunti. Ni mwanafunzi wa uzamili. Anaweza kuwa anasomea baiolojia, lakini pia sheria, uchumi au hata historia, maana siku hizi utafiti wa kuhifadhi bahari umefungua milango kwa kila fani.

Labda hata wewe unawazia njia hiyo, ila unajiambia umechelewa, kwamba ulichosoma chuoni hakina uhusiano na bahari. Basi kaa kidogo nikupe maisha ya mtu aliyeanza na kemia.

Aliitwa James Leonard Brierley Smith. Alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Graaff-Reinet, Afrika Kusini, mbali na bahari. Akiwa kijana alikuja Afrika Mashariki kama askari wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi kwao mgonjwa wa malaria. Hakukata tamaa. Alisoma kemia, akapata shahada ya uzamifu Cambridge mwaka 1922, kisha akawa mhadhiri wa kemia katika Chuo cha Rhodes. Samaki walikuwa mapenzi yake ya pembeni. Wikendi na likizo alikuwa ufuoni na mshipi, anahesabu mapezi na magamba.

Disemba 1938 mambo yakabadilika. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi kijana wa jumba dogo la makumbusho la East London, Afrika Kusini, aliona samaki wa ajabu kwenye shehena ya meli ya uvuvi. Alikuwa na urefu wa mita moja na nusu, rangi ya buluu, na mapezi kama miguu. Alimchora, akampelekea Smith mchoro. Smith alishtuka. Huyo alikuwa silikanti, jamaa ya samaki ambao wataalamu waliamini walitoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita! Shida ni kwamba kufikia wakati Smith anamfikia, matumbo yalikuwa yameshatupwa. Akahitaji mwingine, mzima.

Hapo ndipo pwani yetu inapoingia. Smith aliacha kazi ya kemia mwaka 1946 ili awe mtu wa samaki moja kwa moja. Yeye na mkewe Margaret, ambaye naye alisomea sayansi kisha akajifunza kuchora samaki, walizunguka ufuo wa Afrika Mashariki, Kenya na Zanzibar zikiwemo, wakikusanya samaki na kugawa karatasi zenye picha ya silikanti. Atakayempata angelipwa pauni 100, pesa nyingi mno kwa mvuvi wa wakati ule.

Sasa sikiza vizuri. Karatasi ile iliandikwa kwa lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwemo. Yaani watu wanaoshika mshipi usiku kucha, wale wale aliowahitaji, hawakuandikiwa.

Ilichukua miaka 14. Nahodha mfanyabiashara Eric Hunt, aliyekuwa akisafiri kati ya Zanzibar na Komoro, alizipeleka karatasi hizo visiwani. Disemba 1952, mvuvi Ahmadi Abdallah alimvua samaki mkubwa karibu na Domoni, kisiwa cha Nzwani, akampeleka sokoni. Mwalimu wa shule, Affane Mohamed, ndiye aliyetambua kuwa huyu ni yule wa kwenye karatasi. Hunt alimtia samaki chumvi na dawa, akapiga simu ya maandishi. Smith alikuwa njiani kurudi kwao kwa meli ya Dunnottar Castle, mojawapo ya zile zilizokuwa zikitia nanga Kilindini. Alimwomba waziri mkuu wa nchi yake ndege ya jeshi, akapewa. Alipomwona samaki, alilia.

Lakini Wakomori, ambao lugha yao na Kiswahili ni ndugu, walikuwa wakimjua samaki huyo tangu zamani. Walimwita gombesa, na hawakumthamini sana kwa sababu nyama yake ina mafuta mengi. Kilichoitwa ugunduzi kilikuwa habari ya kawaida kwa wavuvi.

Na jina je? Smith aliona pezi moja halipo, akadhani hii ni aina mpya, akaipa jina la waziri mkuu Malan, kiongozi wa serikali ya ubaguzi wa rangi. Hakuipa la Ahmadi wala Affane. Baadaye ilibainika ni aina ile ile ya 1938, na jina la Malan likaanguka.

Kuna jambo jingine halifai kufichwa. Smith alitumia baruti kuwaua samaki wa kwenye miamba ili awakusanye. Vitabu vyake kuhusu samaki vinatumika mpaka leo, lakini njia hiyo ingempeleka mvuvi wa leo mahakamani, na haki yake. Matumbawe yakishavunjwa, hukaa miaka mingi bila kurudi.

Smith alifariki Januari 1968. Margaret aliendeleza kazi, akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya samaki iliyopewa jina la mumewe. Silikanti naye hakuishia Komoro. Mwaka 2001 mmoja alinaswa nje ya Malindi, hapa kwetu. Tangu 2003 wengi wakanaswa Tanga kwenye majarife ya papa, na mwaka 2009 Tanzania ikatangaza hifadhi ya bahari kwa ajili yake.

Kwa hivyo ukipata nafasi ya kutafiti, iwe KMFRI pale Mkomani, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au kwingineko, usiogope kwamba ulisoma kemia au uhasibu. Smith alithibitisha kwamba mlango upo. Ila chukua na makosa yake uyafanyie kazi. Uliza kwa Kiswahili. Andika jina la mzee aliyekuambia, akikuruhusu. Tasnifu ikikamilika, rudi na kurasa mbili za lugha yake, umsomee pale pale kwenye mizani, kabla hajaenda kuuza.